Masega ya magari yanauzwa, hewa ya Dar es Salaam inalipa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA foleni ya asubuhi ya Namanga, Msasani, dereva aliyesimama nyuma ya gari dogo la Kijapani anaweza kuona, kwenye kona ya kioo cha nyuma, stika ndogo yenye nyota nne na maandishi ambayo wengi wetu hatuwezi kuyasoma. Wamiliki wengi hawakuibandua tangu gari lilipoteremshwa bandarini. Wapo wanaodhani ni pambo la kiwandani.

Stika hiyo ina maana kubwa kuliko pambo. Ilikuwa ikitolewa nchini Japani kwa magari yaliyofaulu vipimo, na inaeleza kwamba gari husika linatoa gesi chafu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango cha juu kilichoruhusiwa na nchi hiyo kwa mwaka 2005. Miongoni mwa gesi zilizopimwa ni oksidi za nitrojeni, ambazo ni kati ya sumu kubwa zinazotoka kwenye mabomba ya magari katika miji ya dunia.

Lakini stika imebandikwa kwenye kioo, ilhali kazi yenyewe hufanyika chini ya gari, ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na bomba la moshi. Ndani ya kopo hilo kuna kigae chenye matundu madogo mengi yaliyopangana kama sega la nyuki, na ndiyo maana mafundi wetu wamekiita kwa jina linalokifaa kabisa: masega. Katika baadhi ya magari yanayosimama kwenye foleni hiyo, kopo limebaki tupu, au limekatwa na mahali pake pakaunganishwa bomba la kawaida. Nyota nne zingali kwenye kioo, ila masega yamekwisha kuuzwa.

Matangazo ya wanunuzi si siri. Yako kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za gereji na katika mitandao ya kijamii, yakiwa na namba za simu na ahadi ya malipo ya papo kwa papo. Kwa mwenye gari ni fedha isiyotarajiwa. Kwa jiji lenye wakazi 5,383,728, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ni hasara ambayo haiandikwi katika kitabu chochote.

Swali la kujiuliza ni hili: inawezekanaje nchi iliyotumia miaka mingi na fedha nyingi kusafisha mafuta yake, ikaacha chombo ambacho mafuta hayo safi yalikusudiwa kukilinda kitolewe na kuuzwa kama chuma chakavu?

Kazi ya masega

Hewa tunayovuta ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Katika hali ya kawaida gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kudhuriana. Ndani ya injini, joto linapopita takriban nyuzi 1,500 za Sentigredi, huungana na kuzaa oksidi za nitrojeni. Hii ndiyo sababu gesi hizo hutoka katika injini ya petroli, ya dizeli na hata ya gesi asilia. Chanzo chake ni hewa yenyewe pamoja na joto, na si uchafu wa mafuta pekee.

Masega huwekwa ili kuzivunja gesi hizo kabla hazijatoka nje. Kuta za matundu yale hupakwa tabaka jembamba la oksidi za metali, hasa oksidi ya aluminiamu na oksidi ya seriamu iliyochanganywa na zirkoniamu. Juu ya tabaka hilo hutawanywa chembe ndogo mno za madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Wanakemia huita mchanganyiko huo kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kuliwa.

Kila kimoja kina kazi yake. Rodiamu huzitenganisha oksidi za nitrojeni na kuirudisha nitrojeni hewani ikiwa salama kama ilivyoingia. Platinamu na paladiamu huunguza hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi na mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Oksidi ya seriamu hufanya kazi ya ghala: huhifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua, ili kazi zote mbili ziende kwa pamoja. Ili mizani hiyo isipotee, sensa iliyo kwenye bomba la moshi huiarifu kompyuta ya gari, nayo hurekebisha mchanganyiko ubaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito.

Masega yakiwa mazima na yakishapata joto, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu. Tafsiri yake kwa hesabu ya kawaida ni nzito: gari moja lililotolewa masega linaweza kutoa sumu ambayo ingetolewa na magari kumi yanayofanana nalo. Haihitaji magari yote ya jiji yatolewe masega ili hewa iharibike. Sehemu ndogo inatosha kufuta faida iliyoletwa na yale mengine.

Sumu isiyoonekana

Wakazi wa Dar es Salaam wamezoea kuuhukumu moshi kwa rangi. Daladala linalotoa wingu jeusi hupigiwa kelele na abiria wa gari la nyuma, na trafiki anaweza kulisimamisha. Gari dogo lisilo na masega halionyeshi wingu lolote. Huenda likanguruma kidogo zaidi na kutoa harufu kali inayowasha macho kwa mtu aliyesimama karibu, lakini kwa jicho la kawaida ni gari safi.

Nitrojeni dioksidi, ambayo ndiyo hatari zaidi katika kundi hili, huwasha njia ya hewa, hufanya pumu iwe kali zaidi na huwadhuru hasa watoto, wazee na wenye maradhi ya kifua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi mikrogramu 10 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Yaani wataalamu walipousoma upya ushahidi wa kisayansi, walibaini kuwa madhara huanza mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Aidha, gesi hizo hazikomi pale zinapotoka. Katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu uliokuwa ukiwaumiza wakazi wa Los Angeles, Marekani, ulitokana na moshi wa magari uliopikwa na jua: oksidi za nitrojeni zikikutana na mvuke wa petroli chini ya mwanga mkali huzaa ozoni, gesi inayochoma mapafu. Dar es Salaam ina jua la kutosha mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba Msasani ni rasi iliyozungukwa na bahari, na upepo huichukua sumu yote. Ni kweli kwamba upepo wa bahari ni neema kwa jiji hili. Hata hivyo, upepo hauiangamizi sumu, huihamisha tu. Moshi unaoondolewa na upepo wa mchana Masaki na Oysterbay husukumwa kuelekea bara, ambako ndiko ziliko Kinondoni, Mwananyamala na Magomeni. Huko nyumba zimebanana, na watu wengi zaidi wanatembea kwa miguu, wanauza bidhaa kando ya barabara au wanasubiri daladala vituoni. Anayeuza masega na anayekohoa mara nyingi si mtu mmoja.

Kwa nini masega yanauzwa

Sababu ya kwanza ni bei ya madini yaliyomo. Rodiamu, ambayo kwa sehemu kubwa hutumika katika masega ya magari, ilipanda hadi kukaribia dola 29,000 za Marekani kwa wakia moja mwaka 2021. Paladiamu nayo ilivuka dola 3,000 mwaka 2022. Bei hizo zimeshuka sana baadaye, lakini mtandao wa wanunuzi uliojengwa wakati wa neema haukuvunjika. Marekani na Uingereza zilikumbwa na wimbi la wizi wa masega katika miaka hiyo. Wezi walikuwa wakiyakata usiku kwa msumeno chini ya magari yaliyoegeshwa.

Kwetu hali ni tofauti kidogo. Wizi upo, lakini mara nyingi ni mwenye gari mwenyewe anayekubali kuuza, na hapo ndipo inapoingia sababu ya pili: ushauri wa gereji. Hoja inayotolewa na mafundi wengi ni kwamba masega "yanaikaba" injini, gari linakuwa zito na linakula mafuta. Hoja hii ina ukweli nusu. Masega yaliyoziba huikaba injini kweli. Lakini masega hayazibi yenyewe bila sababu. Huziba kwa sababu injini inakula oili, plagi hazichomi vizuri, au mafuta yaliyowekwa si safi. Kuyaondoa bila kutengeneza ugonjwa uliyoyaziba ni sawa na kuzima kengele ya moto huku nyumba ikiendelea kuungua.

Tena baada ya kuyaondoa, sensa iliyokuwa ikiyalinda huanza kulalamika na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Fundi hulazimika kutafuta mbinu ya kuidanganya sensa hiyo. Mwenye gari anaondoka na fedha mfukoni, lakini siku akitaka kuyarejesha atagundua kuwa masega mapya yanauzwa kwa bei iliyo mbali sana na ile aliyolipwa.

Safari tuliyokwisha kuifanya

Kinachofanya jambo hili liwe la kusikitisha ni kwamba Tanzania na majirani zake walikwisha kuvuka sehemu ngumu zaidi ya safari.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa katika petroli. Risasi hufunika uso wa kichocheo na kukiua baada ya muda mfupi. Kwa hiyo magari ya Kijapani yaliyoletwa nchini katika miaka ya 1990 yakiwa na masega mazima yaliharibiwa na petroli ya hapa hapa. Juni 2001 nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara zilikutana Dakar, Senegal, na kuazimia kuiondoa risasi, na kufikia Januari 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika katika ukanda wote.

Kikwazo cha pili kilikuwa uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na petroli na dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Hatua hiyo iliwaumiza wananchi wanaotegemea koroboi, lakini ilionyesha kwamba Serikali ikiamua inaweza kufuatilia kitu kisichoonekana kwa macho hadi kwenye pampu ya kituo cha mwisho.

Kikwazo cha tatu kilikuwa salfa, ambayo nayo huvilemaza vichocheo. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni.

Kwa maneno mengine, mlaji wa Tanzania amelipia mafuta yanayofaa magari yenye vichocheo. Anaponunua lita moja anagharimia usafi huo. Ikiwa masega hayapo tena chini ya gari, sehemu kubwa ya gharama hiyo inapotea bure.

Pengo la ukaguzi

Sheria si kwamba hazipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilitoa msingi, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa zilitungwa mwaka 2007. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina mamlaka ya kusimamia. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linahusika na ubora wa magari yaliyotumika yanapoingizwa nchini; ukaguzi huo ulikuwa ukifanyika katika nchi yanakotoka, na mwaka 2021 ukahamishiwa Dar es Salaam kabla ya mjadala wa mahali unapofaa kufanyika kuendelea.

Lakini tatizo la masega halianzii bandarini. Gari linaweza kuteremka melini likiwa na masega mazima, likakaguliwa, likafaulu, na wiki sita baadaye likatolewa masega katika gereji yoyote. Baada ya hapo hakuna mlango mwingine ambapo mmiliki anaulizwa. Polisi wa Usalama Barabarani hutazama zaidi breki, taa, matairi na vioo, mambo ambayo yanaua papo hapo, na hawawezi kulaumiwa kwa kuyapa kipaumbele. Stika zinazotolewa katika Wiki ya Nenda kwa Usalama nazo zimejengwa juu ya fikra hiyo hiyo.

Zamani ulikuwepo walau mlango mmoja wa kila mwaka: ada ya leseni ya gari. Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada hiyo na kuihamishia katika ushuru wa mafuta. Ulikuwa uamuzi ulioungwa mkono na wengi, kwa kuwa uliwaondolea wananchi usumbufu na malimbikizo ya madeni. Hata hivyo, uliondoa pia nafasi ambapo Serikali na mwenye gari walikutana mara moja kwa mwaka, nafasi ambayo ingeweza kutumika kupima moshi.

Kuhusu umri wa magari, majirani wamechukua njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Tanzania ilichagua kutoweka marufuku, ila kutoza ushuru wa uchakavu. Kila njia ina watetezi wake. Lakini umri pekee hauelezi hali ya bomba la moshi. Gari la mwaka 2004 lenye masega mazima linaweza kuwa safi kuliko la mwaka 2014 lililotolewa masega, na mwenye gari la kwanza analipa ushuru mkubwa zaidi.

Rwanda imekwenda hatua nyingine. Agosti 2025 ilianza utaratibu mpya wa lazima wa kupima moshi wa magari. Huko chombo cha kupimia huingizwa kwenye bomba, na majibu hutoka kwa tarakimu. Hakuna nafasi ya kubishana kuhusu rangi ya moshi.

Upande wa dizeli

Itakuwa si haki kuwabebesha wenye magari madogo mzigo wote. Injini ya dizeli hufanya kazi ikiwa na oksijeni ya ziada, na katika hali hiyo masega ya kawaida hushindwa kuzivunja oksidi za nitrojeni. Ndiyo maana mabasi madogo ya dizeli ya miaka ya 1990, ambayo yamewabeba wakazi wa Temeke na Kinondoni kwa muda mrefu, hayakuwa na kinga yoyote dhidi ya gesi hizo.

Suluhisho lake lilipatikana kwanza katika mitambo ya umeme ya Japani katika miaka ya 1970. Hapa madini ya thamani hayahitajiki. Kichocheo ni oksidi ya vanadiamu pamoja na oksidi ya tungsteni, vikiwa vimeshikiliwa na oksidi ya titaniamu. Amonia hupulizwa katika moshi, na juu ya uso wa oksidi hizo hukutana na oksidi za nitrojeni. Vyote viwili hugeuka kuwa nitrojeni na maji. Katika malori ya kisasa amonia hiyo hutokana na urea iliyoyeyushwa katika maji, dutu ile ile ambayo wakulima wa mahindi huijua kama mbolea, ingawa ya kwenye lori husafishwa zaidi.

Malori ya aina hiyo yameanza kuonekana katika Barabara ya Mandela yakienda na kutoka bandarini. Udhaifu wake unafanana na wa masega. Kimiminika cha urea kinanunuliwa, na katika nchi nyingi imebainika kuwa wapo wenye malori wanaozima mfumo huo kwa kuchezea kompyuta ili kuepuka gharama.

Wala udanganyifu huu si wa nchi maskini pekee. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati wa vipimo na kusafisha moshi wakati huo tu. Kampuni hiyo ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Magari yalifaulu maabara na kuchafua barabara. Funzo lake linatuhusu: kichocheo kisichopimwa barabarani ni ahadi tu, hata kama kimetengenezwa na kampuni kubwa kiasi gani.

Vivyo hivyo kwa wanaobadili magari na Bajaj ili yatumie gesi asilia. Ni hatua njema kwa mfuko wa dereva na kwa akiba ya fedha za kigeni, na gesi haitoi masizi mengi. Lakini kwa kuwa oksidi za nitrojeni huzaliwa na joto na hewa, gari linalotumia gesi bado linahitaji masega yake.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaoona kuwa mjadala huu ni anasa. Wanasema vumbi la barabara, moshi wa mkaa na takataka zinazochomwa mitaani ni tatizo kubwa zaidi kuliko gesi isiyoonekana. Hoja hiyo ina uzito. Masega hayatapunguza vumbi wala moshi wa mkaa. Lakini kupambana na vumbi kunahitaji lami, na kuachana na mkaa kunahitaji nishati mbadala iliyo nafuu. Hayo yanadai mabilioni ya shilingi. Masega yanadai jambo moja dogo: kisiondolewe kitu ambacho tayari kipo.

Wengine wanahofu kuwa ukaguzi mpya utakuwa mwanya mwingine wa rushwa na ada. Hofu hiyo nayo haipaswi kupuuzwa. Mwananchi aliyenunua gari la mtumba kwa mkopo, akalipa ushuru unaokaribia bei ya gari lenyewe, hawezi kufurahia kusikia kwamba anatakiwa kununua masega mapya. Na wapo walionunua magari yaliyokwisha kutolewa masega bila wao kujua. Kuwageuza wote hao kuwa wahalifu kwa siku moja hakutasafisha hewa, kutaongeza tu idadi ya stika za kughushi.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ni kuanzia kwa mnunuzi badala ya mwenye gari. Biashara ya chuma chakavu tayari inasimamiwa kwa vibali. Masega yangeweza kuwekwa katika kundi lake, ili kila anayeyanunua atakiwe kuandika namba ya usajili wa gari yalikotoka na sababu ya kuondolewa. Masega yaliyokufa kweli yana haki ya kwenda kuyeyushwa, kwani madini yake hurejeshwa na kutumika tena. Yaliyo hai hayana haki hiyo.

Pili, upimaji wa moshi unaweza kuunganishwa na bima, ambayo kila mwenye gari anailipa kwa mwaka. Uanze kwa magari ya biashara, kisha magari ya taasisi za umma, na magari ya watu binafsi yapewe muda wa kutosha wa kujirekebisha.

Tatu, mafundi washirikishwe. Vyuo vya ufundi na VETA vina nafasi ya kufundisha kwamba masega yaliyoziba ni dalili ya ugonjwa wa injini. Fundi anayejua kutibu ugonjwa huo atapata kazi zaidi kuliko yule anayejua kukata bomba.

Nne, tusisahau kwamba sehemu ya malighafi za vichocheo hivi iko katika ardhi yetu. Mchanga mzito wa Fungoni, Kigamboni, una madini yenye titaniamu na zirkoni. Ngualla, mkoani Songwe, kuna hazina ya madini adimu ambayo seriamu ni miongoni mwake. Kuwa na madini si sawa na kuwa na kiwanda, na Afrika Kusini iliyojenga viwanda vya vichocheo ilifanya hivyo kwa mipango ya miaka mingi. Hata hivyo, ni ajabu kwa nchi kusaini mikataba ya kuchimba malighafi ya kitu ambacho barabarani inakitupa.

Japani ilipoweka mwaka 1978 kikomo cha gramu 0.25 za oksidi za nitrojeni kwa kila kilometa, watengenezaji wa magari walilalamika kuwa kiwango hicho kingewaua kibiashara. Hakikuwaua. Kiliwalazimisha kutengeneza magari ambayo leo yamejaa katika barabara za Kinondoni na Temeke. Faida ya ubishi huo wa wenzetu ilitufikia sisi kwa meli, ikiwa imefungwa chini ya kila gari, bila Tanzania kutumia hata shilingi moja kuifanyia utafiti.

Kilichobaki ni kuamua kama tunaitaka. Asubuhi ya kesho foleni ya Namanga itasimama tena, na nyota nne zitaonekana tena kwenye vioo vya nyuma. Mtoto anayevuka kwenda shule katikati ya magari hayo hawezi kusoma Kijapani, na hana haja ya kusoma. Mapafu yake yatajua kama stika ile inasema kweli.